Ukoo wa Blackwell na haki ya kura: ule waraka wa 1867 niusome mbele ya kinamama au niuache?

MamaNeema_Dorchester:

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa wote shikamooni.

Niko Boston, upande wa Dorchester, nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Tuna kikundi chetu cha kinamama wa Kiswahili: Wakenya, Watanzania, na Wakongo ambao siku hizi ndio wanazidi kuongezeka. Uchaguzi ukikaribia tunakutana kwa mmoja wetu, chai na maandazi, na wale walioapa uraia karibuni tunawasaidia kujiandikisha kupiga kura. Safari hii mwenyekiti ametaka kila kikao kifunguliwe na hadithi fupi ya watu wa hapa waliopigania kura. Mimi nikabebeshwa ukoo wa Blackwell, kwa kuwa ndiye niliyewapeleka kupiga picha kwenye sanamu ya Lucy Stone, mpigania kura aliyeolewa kwenye ukoo huo, kule Commonwealth Avenue. Watu wakiona unajua kitu kimoja wanadhani unajua vyote.

Basi nikasoma. Mwanzoni nilifurahi, maana ukoo huu una kila kitu. Mzee Samuel Blackwell alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari Bristol, Uingereza. Alikuwa mpinga utumwa, na huku riziki yake inatoka kwenye miwa ya watumwa. Wanawe wakagoma kula sukari. Fikiria hiyo: baba anauza sukari, watoto wanakunywa chai kavu kwa ajili ya watu wasiowajua. Mwaka 1832 akahamia Marekani na familia nzima, akiwa na wazo la kutengeneza sukari ya viazisukari ili aachane na miwa. Mwaka 1838 wakafika Cincinnati, na mzee akafariki mwaka huohuo, kaacha mjane na watoto tisa na fedha kidogo sana. Mama na mabinti wakubwa wakafungua shule ndipo wakala.

Kati ya mabinti hao mmoja ni Elizabeth, mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari, mwaka 1849. Mdogo wake Emily akafuata njia hiyohiyo, na mwaka 1857 wakafungua hospitali New York ya wanawake na watoto maskini. Wavulana nao wakaenda kuoa moto. Samuel mdogo akamuoa Antoinette Brown, ambaye mwaka 1853 alikuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji, jambo ambalo hata leo kuna makanisa ya kwetu ukilitaja mtu anaondoka. Henry akamuoa Lucy Stone, rafiki wa Antoinette tangu chuoni Oberlin.

Harusi ya Henry na Lucy ndiyo niliyotaka kuanza nayo. Tarehe 1 Mei 1855, nyumbani kwa wazazi wa Lucy, West Brookfield hapahapa Massachusetts. Siku hiyohiyo ya ndoa wakasoma tamko la kuzipinga sheria za ndoa za wakati ule. Wakazitaja: sheria inayompa mume mamlaka juu ya mwili wa mke, inayompa watoto peke yake, inayompa mali ya mke na hata jasho la mikono yake. Bwana harusi naye kasaini! Nina dada mmoja kwenye kikundi ambaye mshahara wake unaingia akaunti ya mumewe mpaka leo. Nilikuwa nataka aisikie hiyo.

Kisha kodi. Lucy alikuwa na nyumba kwa jina lake huko Orange, New Jersey. Bili ya kodi ilipokuja mwishoni mwa 1857 akairudisha bila kulipa, na barua juu yake: mimi sipigi kura, mtanitozaje? Januari 1858 vyombo vyake vikapigwa mnada, na ndani kuna mtoto mchanga, Alice. Jirani mmoja akavinunua akamrudishia.

Sasa ndipo nikakutana na waraka wa Januari 1867. Henry, mume yuleyule wa tamko, anayaandikia mabunge ya majimbo ya Kusini. Anawaambia wasiogope Weusi kupata kura, ila wawape kura na wanawake. Kwa nini? Kwa sababu, anasema, wanawake wenu weupe ni milioni nne, na Weusi wenu wote, wanaume kwa wanawake, ni milioni nne. Watasawazishana, na ukuu wa mbari yenu nyeupe utabaki vilevile ulivyo.

Nilikifunga kile kitabu nikaenda kazini, lakini usiku kucha niko nacho kichwani. Kikundi chetu hakuna mzungu hata mmoja. Nitasimamaje niwaambie huyu ndiye shujaa wetu wa kura? Na nikiuacha waraka, halafu binti wa mtu anayesoma hapa akanyanyua simu akausoma mbele yangu, nitaficha wapi uso? Nisaidieni: niusome au niuache? Nina dakika kama ishirini tu.

Mwl_Mstaafu_Tanga:

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na limenifanya niache kahawa ipoe.

Usome. Ila usiusome peke yake kana kwamba umeanguka kutoka mbinguni. Wape kwanza hali ilivyokuwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, watumwa wakawa huru, na swali likawa nani atapiga kura. Marekebisho ya 14 ya katiba yaliyokuwa yanazungushwa majimboni wakati ule yaliingiza neno la kumaanisha wapiga kura wanaume, kwa mara ya kwanza katika katiba ile. Kabla ya hapo katiba ya nchi ilikuwa imenyamaza, majimbo ndiyo yaliyowafungia wanawake. Kwa hiyo kwa watu kama akina Blackwell ilikuwa kama mlango umefungwa na komeo limeongezwa. Majimbo ya Kusini nayo yalikuwa yanayakataa marekebisho hayo. Henry akaona upenyo.

Angalia vizuri anachokiomba. Anaomba wote wapewe, Weusi na wanawake. Ombi lenyewe halina kasoro. Kasoro ni bei anayotangaza: kwamba mkiwapa wote, nyinyi mnaokalia watu mtaendelea kuwakalia. Huyu alikuwa mfanyabiashara, aliwahi kuwa na duka la vyuma Cincinnati, na alikuwa na akili ya dukani: mteja anataka nini, mwambie bidhaa yako inacho. Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na wa namna hii ndio wanaonisumbua kuliko wale wabaya wa moja kwa moja. Wabaya wa moja kwa moja wanafunzi huwaelewa kwa kipindi kimoja.

Maana ni huyuhuyu Henry. Mwaka 1854, kabla ya kuoa, garimoshi lilisimama Salem, Ohio, ndani yake kuna bwana na bibi wanaelekea Tennessee na mtoto wa kike mtumwa wa miaka kama minane. Ohio haikuwa na utumwa. Wapinga utumwa waliokuwa na mkutano pale mjini wakaingia behewani, Henry miongoni mwao, wakamtoa yule mtoto akawa huru. Huko Memphis watu wakakutana wakatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayemkamata Henry. Lucy alikuwa anamkataa, hataki ndoa kabisa, kwa kuwa aliiona ndoa ni kufungwa. Baada ya tukio la Salem moyo wake ukaanza kulegea.

Sasa wewe pima mwenyewe. Mtu aliyehatarisha shingo yake kwa mtoto mmoja Mweusi, miaka kumi na mitatu baadaye anawahesabu Weusi milioni nne kama mawe ya upande mmoja wa mizani. Sioni kwamba moja linalifuta jingine. Kinamama wako wamezaa, wamelea, wameishi na waume. Hawatashindwa kuyabeba yote mawili.

Wape na Kansas. Mwaka huohuo wa waraka, 1867, Kansas iliitisha kura mbili kwa mpigo: Weusi wapewe kura? Wanawake wapewe kura? Lucy na Henry wakaenda wenyewe, wakazunguka vijijini kwa mikokoteni majira ya machipuko. Novemba yote mawili yakaanguka. Wanawake walipata kura 9,000 na kitu, Weusi 10,000 na kitu, na kila upande waliokataa walikuwa 19,000 na ushee. Kilichotangulia kuanguka hapo ni urafiki: kambi mbili, ya kura ya Weusi na ya kura ya wanawake, zikaanza kuviziana, kila moja inaona nyenzake ndiyo inayoizamisha.

Wakafika 1869 New York wakavunjana hadharani. Mjadala ulikuwa Marekebisho ya 15, ambayo yangewapa kura wanaume Weusi na kuwaacha wanawake wote. Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, viongozi wenzao wa harakati za wanawake, wakasema hapana, hatuungi mkono, na Stanton akatoa maneno ya kuwadharau Weusi ambayo sitayarudia hapa. Frederick Douglass, kiongozi Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, akasema kwa Weusi hili ni suala la kufa na kupona. Lucy Stone akasimama, akasema mateso ya wanawake ni bahari isiyo na kina, na mateso ya Weusi nayo ni bahari isiyopimika, kisha akasema atashukuru rohoni mwake mtu yeyote akiweza kutoka katika shimo lile la kutisha. Lucy na Henry wakaunga mkono Marekebisho ya 15. Wakaanzisha chama chao cha kura ya wanawake Novemba mwaka ule, na Januari 1870 gazeti la kila wiki hapo Boston, *Woman's Journal*, ambalo Lucy, kisha Henry, kisha binti yao Alice walilihariri mpaka mikono ikachoka.

Kwa hiyo kwenye jambo la 1869, Lucy na Henry, hawa wenyeji wako wa Dorchester, ndio waliosimama na Weusi. Hilo nalo liseme, na ulitaje jina la Lucy kabla ya la Henry.

Ila usimalizie hapo kwa furaha, maana Henry hakuuacha ule waraka. Miaka ya 1880 na 1890 aliendelea kuwapelekea watu wa Kusini hesabu ileile, safari hii kaivalisha koti la elimu: wapeni kura wanawake wanaojua kusoma, wengi watakuwa weupe. Mwaka 1890 Mississippi ikaandika katiba mpya. Wakalisikia wazo la kura ya wanawake wakaliweka pembeni. Hawakulihitaji. Walikuwa na kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma au kufasiri katiba mbele ya karani, na hivyo viwili vikatosha kuwaondoa Weusi kwenye daftari. Yaani Henry aliuza utu wa watu kwa bei ya kutupa na mnunuzi hakuchukua hata mzigo.

Kaka_wa_Lowell:

Mwalimu shikamoo, nakuheshimu, lakini mimi nashika upande mwingine. Dada MamaNeema, dakika ishirini ni chache mno za kumsafisha Henry Blackwell. Mbona hamna ukoo wa Weusi uliopigania kura zote mbili, ya Weusi na ya wanawake? Upo. Uko Philadelphia.

James Forten, alizaliwa huru 1766. Akiwa mvulana alikuwa kwenye meli ya kivita wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Waingereza wakamteka. Baadaye akawa mshona matanga, akamiliki karakana, akawa tajiri, akiajiri Weusi na weupe pamoja. Mke wake Charlotte na mabinti zao Margaretta, Harriet na Sarah walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanawake wa Philadelphia cha kupinga utumwa mwaka 1833. Harriet akaolewa na Robert Purvis.

Mwaka 1838 Pennsylvania ilibadilisha katiba yake ikaandika kwamba mpiga kura ni mtu huru mweupe. Kwa hiyo wale Weusi waliokuwa na haki ile wakapokonywa. Robert Purvis ndiye aliyeandika rufaa kwa niaba ya Weusi 40,000 wa jimbo lile. Haikusaidia. Wakasubiri mpaka 1870, yalipopita Marekebisho ya 15.

Na hiyo ya kodi iliyokupendeza kwa Lucy: Purvis aliifanya kabla yake. Mwaka 1853 alikataa kulipa kodi ya shule huko Byberry, kwa sababu shule ilikataa watoto wake. Mtu mwenye ardhi kubwa hivyo, mlipa kodi mkubwa, watoto wake wanarudishwa mlangoni.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Mwaka 1869, wakati wenzake wanasema wanaume Weusi kwanza, wanawake baadaye, Purvis alisimama akasema afadhali asubiri. Hataki mwanawe wa kiume apate kura na binti yake akose. Mtu aliyenyang'anywa kura kwa miaka zaidi ya thelathini, iko karibu mkononi, anasema nitasubiri na binti yangu. Binti huyo, Hattie, akaja kuwa mpigania kura mwenyewe. Henry Blackwell kura alikuwa nayo mfukoni, na bado ndiye aliyekuwa na haraka ya kupatana na mabwana wa watumwa wa jana.

Mwalimu utasema Purvis alikosea, kwamba Weusi wa Kusini walikuwa wanachinjwa na walihitaji kura jana siyo kesho. Inawezekana. Frederick Douglass alifikiri hivyo na ninamwelewa. Lakini kama ni hadithi ya familia ya kuwapa kinamama wa kwetu, mimi nachukua hii.

Binti_wa_Malindi_Unguja:

Nyie mmekwenda mbali. Mimi nimekwama kwenye jina.

Lucy alikaa na jina la baba yake baada ya kuolewa, wakubwa wa siku zile wakaona kiroja kikubwa. Mwaka 1879 Massachusetts ikaruhusu wanawake wapige kura ya kamati za shule tu. Lucy kenda kujiandikisha, umri keshafika sitini, kapigania kura tangu ujana. Karani kamwambia lete jina la mumeo, hapa ni Bibi Blackwell. Kakataa. Wakamkata kwenye daftari. Akafa 1893 hajapiga kura hata moja.

Sasa huku kwetu Fatma Salim anaolewa, anaachika, anaolewa tena kwa mume wa Pemba, bado ni Fatma Salim, na hakuna aliyewahi kumwita mwanamageuzi. Dada MamaNeema, waambie hilo, watacheka kidogo kabla hujawaletea huo waraka. Na walioandikwa jina la mume kwenye hati moja na la baba kwenye hati nyingine wakague mapema vitambulisho vyao visomeke sawa kabla ya siku ya kura. Shangazi yangu aliwahi kuhangaika na hilo huko Toronto kwa benki tu, sembuse kura.

Nesi_Mattapan:

Dada, mimi ni jirani yako, nafika kwenye vikao mara mojamoja. Ninaongeza mtu ambaye mkubwa wa Tanga na kaka wa Lowell wamempita: Josephine St. Pierre Ruffin. Mwanamke Mweusi, mzaliwa wa Boston hapahapa, 1842. Mumewe George alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu sheria Harvard. Ruffin alifanya kazi na Lucy Stone na Julia Ward Howe kwenye vyama vya kura vya Massachusetts, aliwajua uso kwa uso. Akaanzisha klabu ya wanawake Weusi, Woman's Era, na gazeti lake mwaka 1894, kisha 1895 akaita hapa Boston mkutano wa kwanza wa kitaifa wa wanawake Weusi.

Kaulimbiu ya klabu ile ilitoka wapi? Kwenye maneno ya mwisho ambayo Lucy Stone alimwambia binti yake Alice akiwa kitandani, Oktoba 1893, kule Pope's Hill, Dorchester yako hiyohiyo: aifanye dunia iwe bora. Wanawake Weusi wakaiandika kuwa yao.

Ruffin hakuwa mtu wa kudanganywa. Mwaka 1900 alikwenda Milwaukee kwenye shirikisho la vilabu vya wanawake. Wakawa tayari kumpokea kama mjumbe wa vilabu vya weupe alimokuwa mwanachama, lakini siyo kwa niaba ya klabu yake ya Weusi. Akakataa kuingia kwa mlango huo. Mwanamke wa namna hiyo alipochagua maneno ya Lucy alijua anachukua nini na anaacha nini. Kwangu mimi huyo ndiye anayejibu swali lako, kuliko sisi.

MamaNeema_Dorchester:

Jamani, asanteni. Nimesoma yote kwenye mapumziko ya zamu, chai imeisha na mzee wangu mmoja ameshaanza kuita.

Mwalimu, umenipa Salem, na sikuwa nayo. Nitaanza pale behewani badala ya harusini. Kaka wa Lowell, nakuelewa, na nimepata hasira kidogo kuona Purvis alikataa kodi kabla ya Lucy na vitabu nilivyosoma mimi havikumtaja. Lakini sitamtoa Henry. Hao kinamama ninaowajua mimi, kila mmoja ana Henry wake: mwajiri aliyemsaidia karatasi za kazi halafu akamkata saa zake, mchungaji aliyemchangia nauli ya msiba halafu akamwambia wanawake wasizungumze kwenye kamati. Wakisikia ya waraka hawatashangaa. Watauliza Lucy alifanya nini siku ile ya 1869, na hapo ninalo jibu.

Hata na Elizabeth daktari, wifi yake Lucy, nimegundua hakuwa na moyo na hizi harakati mwanzoni. Aliona mwanamke ajithibitishe kwa kazi kwanza. Nyumba moja, mawifi wanavutana. Nitaligusa tu, maana wanesi tuko wengi na wataanza kubishana mpaka maandazi yaishe.

Binti wa Malindi, ya jina ninaichukua yote, na ya vitambulisho vilevile.

Nimepanga hivi: Salem 1854, harusi 1855, mnada wa vyombo, halafu ninausoma waraka mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, bila kuupamba. Nitanyamaza kidogo wapige kelele zao. Kisha 1869, kisha Ruffin. Antoinette namweka mwisho kabisa: novemba 1920 alipiga kura New Jersey, bibi wa miaka 95, mmoja pekee aliyebaki kati ya waliohudhuria mkutano wa haki za wanawake wa Worcester wa 1850. Nina mama mmoja kwenye kikundi, Mkongo, ana miaka themanini na kitu, kaapa juzijuzi, na watoto wake wanamwambia ya nini kupiga kura uzeeni. Yeye ndiye ninayemtaka akae mbele.

Swali moja dogo limebaki. Lile neno la kwenye waraka, la kusawazisha, nikilisoma kuna watakaodhani Henry anazungumzia usawa. Mngesemaje?

Mwl_Mstaafu_Tanga:

Sema "watawafuta". Wapiga kura wenu weupe wapya watazifuta kura za Weusi. Ndicho alichomaanisha na watu wa Kusini ndivyo walivyomwelewa.

Kaka_wa_Lowell:

Haya, nimeshindwa kwa kura. Ila mkutano unaofuata mnipe mimi zamu, ya Purvis na binti yake, na nije na projekta maana nina picha yake na familia. MamaNeema nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha, usiiweke hapa. Na maandazi yawe ya iliki. Mara ya mwisho mlituwekea yale ya dukani.